Mkaguzi wa Yaani

Katika nchi moja ambayo jina lake wananchi hulitaja wakiwa wamesimama wima tu, na kwa hiyo wengi wameacha kulitaja ili wapate kukaa, aliishi mwanamke mmoja aitwaye Eufrasia Mkude. Serikali nzima haikuwa na masikio mazuri kama yake. Kazi yake ilikuwa kusikiliza hotuba za Rais na kuziandika. Alikaa katika chumba kidogo nyuma ya Ikulu, dirisha likitazama matangi ya maji, akavaa visikilizio vyake na kupiga chapa kila kilichotoka kinywani mwa Mheshimiwa Rais Thabiti Mkukumbe.

Si kila kilichotoka, kusema kweli. Na hapo ndipo kosa lilipoanzia.

Siku Rais alipoapishwa, miaka kumi na tisa nyuma, upepo ulimpokonya karatasi yake mbele ya umati. Mikono ikaanza kumtetemeka. Ikabidi aseme ya kichwani, akasema hivi: "Ndugu wananchi, yaani, serikali yangu, yaani, nini, itakuwa ni serikali ya, unajua, ya hii kitu, ya kazi. Yaani kazi kwa maana ya kwamba, nini, kazi."

Eufrasia aliirudisha kanda mara mbili. Akamwonea huruma. Hakuna aliyemwagiza wala kumdokeza, lakini kwenye karatasi aliandika: "Ndugu wananchi, serikali yangu itakuwa ni serikali ya kazi." Alifanya kama mtu anavyomtoa mwenzake uzi begani kabla hajaingia kanisani, akafunga kompyuta, akaenda kununua mchicha.

Kuanzia hapo ikawa mazoea. Hotuba ya saa tatu ilitoka mikononi mwake ikiwa kurasa nne, nyeupe na safi. Kurasa zikakusanywa zikawa vitabu vinane vya jalada gumu, vikapelekwa shuleni, wanafunzi wakavitungia insha. Ila msomaji wake mkubwa kuliko wote alikuwa Rais mwenyewe. Kila asubuhi alisoma kurasa mbili pamoja na chai.

"Huyu mtu," alimwambia mkewe huku akitikisa kichwa kwa heshima, "hana neno la ziada."

Mwaka wa kumi na tisa Rais alikwenda mikoani kuangalia kilimo. Mkulima mmoja wa karanga, aliyechaguliwa kwa sababu alikuwa na shati, alisukumwa mbele kueleza hali ya mazao. Alitaka kusema kwamba mbolea iliyoletwa na serikali ilikuwa chokaa. Hilo si jambo la kumwambia Rais moja kwa moja, kwa hiyo akalizunguka.

"Yaani mheshimiwa, yaani, tunashukuru, sasa ile mbolea, unajua, yaani, sijui nisemeje, yaani tulipoiweka, nini, ile karanga, yaani…"

Rais hakungoja kusikia karanga ilifanya nini. Aliingia garini akiwa amekasirika, na baraza la mawaziri likaitwa jioni ileile.

"Mbona watu wangu, yaani, hawasemi kama mimi?" aliuliza. "Kila neno yaani! Kila neno, nini, nini! Mimi mmenisikia lini nikisema yaani? Yaani hata siku moja?"

Mawaziri waliangalia meza. Ilikuwa meza nzuri ya mninga na walikuwa na uzoefu wa kuiangalia.

Wiki mbili baadaye ilipitishwa Sheria ya Kudhibiti Maneno Matupu, na ikaundwa wizara ya kuisimamia, Wizara ya Ufasaha wa Taifa, chini ya Dakta Kilongozi, mtu mwenye shahada tano, tatu zikiwa za kitu kilekile. Siku ya uzinduzi alihutubia saa mbili na nusu.

"Taifa hili," alisema, "linapoteza pumzi! Tumepiga hesabu. Pumzi inayotumiwa na raia wetu kusema 'yaani' kwa mwaka mmoja ingeweza kuzungusha kinu cha upepo na kuwasha taa katika wilaya mbili! Kuanzia leo, raia atafungua mdomo wake akiwa na kitu ndani."

Sheria ilikuwa na busara nyingi. Ilitofautisha yaani ya kufafanua na yaani ya kujazia. Mwenye haja na ile ya kufafanua alitakiwa kuomba kibali siku kumi na nne kabla ya kuisema, kwa fomu ya nakala tatu, akiambatanisha sentensi husika. "Nini" isiyokuwa swali ilifutwa kabisa. "Unajua" iliruhusiwa iwapo tu msikilizaji alikuwa hajui. Wakubwa waliosoma ng'ambo, ambao hawawezi kumaliza sentensi bila "so" na "actually", walisamehewa, kwa maelezo kwamba maneno hayo yaliingia nchini kwa njia halali, kupitia uwanja wa ndege.

Ikabaki kumpata Mkaguzi Mkuu, mtu mwenye masikio ya kuhesabu. Rais mwenyewe ndiye aliyemtaja Eufrasia. Alimwita ofisini, akamketisha kwenye kochi ambalo kwa kawaida huketi mabalozi.

"Wewe ndiye, yaani, unayejua ninavyosema," alimwambia. "Miaka yote hii. Hakuna mwingine anayejua, nini, kama wewe."

Eufrasia alifungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamekaa tayari kwenye ulimi: Mheshimiwa, kuna jambo nilipaswa kukueleza zamani. Lakini Rais alikuwa anamtazama kwa upole kama mtu anavyomtazama daktari aliyemtibu. Akaufunga mdomo. Akaufungua tena, akasema, "Asante, Mheshimiwa."

Alitoka nje akahisi kama mtu aliyebeba kitu cha wizi ndani ya nguo. Alipita getini akiwa na hakika askari watamsimamisha. Wakampigia saluti.

Wakaguzi mia nne waliajiriwa, kila mmoja akapewa kidude cha kuhesabia, kile cha kushika kiganjani na kubonyeza kwa dole gumba. Nchi ikaanza kunyamaza. Sokoni watu walionyeshana bei kwa vidole. Mtangazaji wa mpira wa redio ya taifa alibaki kutaja majina ya wachezaji na mabao, katikati wasikilizaji wakisikia nyasi. Kijana mmoja wa posta alimwambia msichana aliyempenda miaka mitatu, "Nakupenda. Nataka kukuoa. Jibu," akachapwa kofi. Bunge la bajeti, ambalo huchukua wiki sita, lilimalizika kwa dakika kumi na moja. Maneno ya kujazia yalipoondolewa hakikubaki kitu cha kujadili, na wabunge waliogopa sana wakaomba msamaha maalumu wa kisheria. Walipewa.

Eufrasia alisaini ripoti hizo zote. Wakati mwingine alicheka kidogo, halafu kicheko kikakatika, kwa sababu kila ukurasa uliokuja mezani kwake ulikuwa na jina la mtu chini. Mwalimu, yaani ishirini na mbili, kahamishwa. Fundi cherehani, kumi na tisa, kafungiwa kibanda. Na kila alipoweka saini alimsikia masikioni mwake yule mtu mmoja ambaye hakuwahi kuhesabiwa.

Ndipo likaja jalada la wifi yake.

Tumsifu alikuwa dada wa marehemu mumewe, Gaudensi, na walikaa kiwanja kimoja, milango ikitazamana. Alikuwa muuguzi katika hospitali ya wilaya, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyetumwa kwenda kuwaambia ndugu wa mgonjwa pale mgonjwa anapofariki. Madaktari walimkimbilia yeye. Hakuna aliyejua kwa nini aliiweza kazi hiyo. Iliaminika tu kwamba anaiweza.

Kikao kilikaa wizarani saa nne asubuhi. Dakta Kilongozi katikati, Eufrasia kulia kwake, na Tumsifu amesimama mbele yao na sare yake nyeupe, viatu vimepigwa chaki. Kanda iliyorekodiwa na mkaguzi wa hospitali ikafunguliwa. Ilikuwa sauti yake, akiongea na mzee mmoja kwenye korido.

"Mzee wangu, yaani… hebu kaa kwanza hapa. Kaa baba. Sasa, yaani, unajua tangu asubuhi, yaani, tulikuwa naye, tumehangaika naye, yaani… sijui… yaani, baba…"

Halafu sauti ya mzee, taratibu: "Amekwenda?"

"Yaani, baba yangu…"

"Amekwenda. Sawa. Sawa, mwanangu."

Kanda ikaendelea hivyo mpaka mwisho. Dakta Kilongozi akazima.

"Taarifa ya maneno mawili," alisema, "imechukua dakika saba! Na hata hivyo hukuitoa. Aliitoa mzee mwenyewe! Wewe ulikuwa unafanya kazi gani pale?"

"Nilikuwa namngoja," Tumsifu akasema.

"Unamngoja nini?"

"Ashike ukuta, mheshimiwa. Mtu akisikia ile yaani ya kwanza, anajua. Hujamwambia bado, lakini anajua. Basi anatafuta pa kushika. Ukimwambia hajashika kitu, yaani, anaanguka."

"Hiyo ni moja," akasema Dakta, akabonyeza.

Tumsifu akamgeukia Eufrasia. "Wifi, wewe si unajua? Siku ya Gaudensi nilikuambiaje?"

Eufrasia aliikumbuka siku hiyo. Alikuwa anaanua nguo. Tumsifu alikuja na sare yake akasimama upande wa pili wa kamba, akasema yaani, akasema sasa wifi, akasema sijui nianzie wapi, akazunguka huko kwa muda mrefu, na katika kuzunguka kwake Eufrasia alipata nafasi ya kulishusha beseni chini, kuketi kwenye ngazi, na kumwona mumewe kwa mara ya mwisho akiwa hai kichwani mwake kabla neno lenyewe halijafika.

"Mtuhumiwa asimwite Mkaguzi wifi," akasema Dakta Kilongozi. "Mkaguzi Mkuu, idadi ya kwenye kanda ni ngapi?"

Ofisi nzima ilimtazama. Angeweza kusema tisa. Angeweza kusema kanda ina mikwaruzo. Alikuwa amefuta maneno ya mtu mmoja kwa miaka kumi na tisa bila mkono kumtetemeka. Haya yalikuwa ya dakika saba tu. Lakini kidude cha Dakta Kilongozi kilikuwa mezani, namba zake zimefunikwa na kiganja, na Eufrasia hakujua Dakta naye alihesabu ngapi.

"Sitini na tatu," akasema.

Dakta akainua kiganja. Alikuwa na thelathini na nane. "Masikio ya dhahabu!" akasema kwa furaha, akaandika sitini na tatu.

Tumsifu alihukumiwa miezi sita katika Chuo cha Ukimya, kule milimani. Alipotolewa alimtazama Eufrasia kwa mshangao tu, kama mtu aliyeumwa na kuku wake mwenyewe.

Kiwanja kikawa kikubwa. Asubuhi Eufrasia alifagia upande wake, akafika katikati, akafagia na ule wa wifi yake, kisha akakaa kwenye ngazi akiwa na fagio. Chakula kilimshinda. Majirani walimwamkia kwa "Shikamoo" kavu na kuharakisha, kwa kuogopa lisije likawatoka neno la ziada, naye akaitikia "Marahaba" akiangalia chini.

Mwezi wa pili wa kifungo cha Tumsifu ikaja ripoti kutoka hospitali ya wilaya. Muuguzi mpya, aliyefuzu mafunzo ya ufasaha, alikuwa amemwambia mama mmoja: "Mwanao amefariki saa nne na dakika kumi. Saini hapa." Ripoti ilisema: "Taarifa ilitolewa kwa sekunde tano. Ufanisi umeongezeka kwa kiwango cha kuridhisha. Mpokea taarifa alianguka na kuvunjika mtulinga wa bega. Suala hilo limepelekwa idara ya mifupa."

Eufrasia aliisoma mara tatu. Hakusaini. Alichukua mkoba wake akaenda hospitali, akamkuta yule mama amekaa kwenye benchi nje ya wodi, bega limefungwa bandeji, anaangalia mlango. Alikaa kando yake. Alikusudia kumwambia: ni mimi. Akatafuta pa kuanzia, na kila alipopapata palikuwa na neno ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelipiga marufuku. Akainuka, akamwachia machungwa, akaondoka.

Siku tatu baadaye ilikuwa sikukuu ya taifa. Rais alihutubia uwanjani saa mbili na dakika arobaini. Kanda ikaletwa kwenye kile chumba cha matangi ya maji, maana kazi hiyo Eufrasia hakuwahi kuiacha. Rais hakutaka mtu mwingine. Akavaa visikilizio. Akaanza kupiga chapa, na safari hii vidole vyake havikuruka kitu.

"Ndugu wananchi, yaani, leo, yaani, ni siku ya, nini, ya hii kitu, ya furaha, yaani furaha kwa maana ya kwamba, unajua, eeh, furaha…"

Hakuongeza hata moja. Aliandika hadi kikohozi. Zilitoka kurasa tisini na sita, naye akazipeleka kwa mpiga chapa wa serikali kwa mkono wake. Hakuna aliyezisoma kabla, kwa sababu kazi ya Bi. Eufrasia ilikuwa haisomwi, inachapwa tu. Asubuhi iliyofuata gazeti la taifa lilitoka na kurasa za nyongeza, na kwa kuwa ilikuwa lazima hotuba isomwe kwa sauti katika ofisi na shule zote, ilisomwa kwa sauti katika ofisi na shule zote. Walimu wakuu walisoma huku jasho likiwatoka. Wanafunzi waliuma kola za mashati yao wasicheke.

Rais alilifungua gazeti pamoja na chai. Alisoma nusu ukurasa, uso ukamwiva.

"Nani huyu anayesema hivi?" alimuuliza Dakta Kilongozi, aliyeitwa mbio. "Mtu gani huyu, yaani, asiyeweza kusema neno moja likasimama? Akamatwe! Yaani leo hii!"

Dakta Kilongozi alihitaji sana neno la kujazia wakati ule. Hakuwa na kibali. Alisimama pale mdomo wazi, akanyoosha kidole kwenye picha iliyokuwa juu ya hotuba, akakirudisha haraka mfukoni.

Eufrasia hakungoja kutafutwa. Alikuwa ameketi nje ya ofisi tangu saa moja, mkoba magotini. Alipoingia hakukaa.

"Ni wewe, Mheshimiwa," alisema. "Ndivyo unavyosema. Nimekuwa nikiyaondoa."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kuapishwa."

"Nani alikutuma?"

"Hakuna. Karatasi ilipeperuka, mikono yako ikawa inatetemeka. Nilikuonea huruma. Halafu nikazoea. Halafu nikaogopa. Watu wamefukuzwa, watu wamefungwa, wifi yangu yuko milimani, kuna mama amevunjika bega, na mimi nilikuwa najua kila siku. Kosa ni langu kabla halijawa la mtu mwingine."

Rais alichukua kitabu cha kwanza kati ya vile vinane, akakifungua, akakisoma kidogo kama mtu anayesoma barua aliyoandikiwa mwingine. Akakifunga.

"Yaani…" alisema, akaisikia sauti yake mwenyewe. Labda ndiyo mara yake ya kwanza kujisikia. Alingoja neno la pili lije, lisije. Mwishowe akapunga mkono kuelekea mlangoni. "Nenda."

Tangazo lilitoka kesho yake. Lilieleza kwamba neno "yaani" halikuwahi kupigwa marufuku, bali lilikuwa limehifadhiwa kwa muda kwa matumizi ya juu. Kwamba sasa limetangazwa kuwa Neno la Taifa. Na kwamba kila raia atalitumia hadharani si chini ya mara tatu kwa kila mazungumzo, kwa uzalendo. Dakta Kilongozi akasimamia utekelezaji na wakaguzi walewale na vidude vilevile. Eufrasia alistaafishwa kwa manufaa ya ufasaha. Wafungwa wa Chuo cha Ukimya wakaachiwa, kwa kuwa ilionekana walikuwa wakizungumza kama Rais.

Tumsifu alirudi Jumamosi. Eufrasia alimwona akifungua mlango wake na kuweka begi ndani, akavuka kiwanja kabla ujasiri haujamwisha. Alikuwa amejiandaa wiki nzima, ana sentensi nzuri, fupi. Alipofika kizingitini zote zikamtoka kichwani.

"Wifi," alisema. "Yaani… wifi yangu, sijui… yaani mimi, unajua, ile siku, yaani ningeweza… sasa… yaani wifi…"

Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwake kusema hivyo, na hakujua kwamba inauma hivi, kwamba mtu huyasema maneno haya akiwa hana pa kukanyaga. Tumsifu alimsikiliza hadi alipoishiwa. Hakumsaidia. Wala hakumkatiza.

"Nimesikia," alisema. "Ingia. Chai ipo."

Sauti yake ilikuwa imenyooka kama ubao uliopigwa randa. Chuo kilikuwa kimefanya kazi yake. Zamani Tumsifu hakuweza kumkaribisha mtu chai bila kuzunguka robo saa, na katika mzunguko ule ungejua kila kitu: kama amekasirika, kama amechoka, kama amekusamehe tayari na anaona haya kusema. Sasa Eufrasia alisimama mlangoni na maneno yale manne, akayageuza huku na huku, asione ndani yake kuna nini.

Aliingia. Alikaa pale alipoonyeshwa. Tumsifu akamimina chai, akasogeza kikombe, akakaa upande wa pili wa meza na kuangalia dirishani. Na Eufrasia, mwenye masikio mazuri kuliko mtu yeyote katika nchi ile, akatega sikio asikie hata yaani moja, hata pumzi ya kuelekea huko. Alisikia kijiko kikigonga kikombe, kisha kikawekwa chini.

Akaendelea kusikiliza.